Pini Midomoni mwa Dada

Dada yangu ni fundi cherehani, na wateja wanamwita Mama Pini kwa sababu ukimkuta kazini midomo yake imebana pini. Wengi hudhani ni mazoea ya ufundi tu. Wapi! Kifuko cha kuchomekea pini anacho, kinaning'inia msumarini hakina kazi. Zile za mdomoni ni breki.

Zamani alikuwa akisema kwanza, anafikiri baadaye, kisha anashinda akilia. Binti yake wa pekee hakurithi ulimi, alirithi haraka, ila yake ilishukia miguuni. Ukimkasirisha hajibu, anabeba mkoba. Siku moja binti aliunguza gauni la mteja kwa pasi, na dada akafoka, "Kama kazi imekushinda, mlango uko wazi!" Binti akautazama mlango, akaona kweli uko wazi, akatoka. Alihamia mji mwingine akakaa huko miaka. Akipiga simu ni salamu tu, kama mtu anayeongea na jirani wa zamani.

Dada alikonda. Ulimi hauna mfupa, lakini wake ulivunja nyumba. Ndipo siku moja ibadani likasomwa andiko kwamba mtu awe mwepesi wa kusikia na mzito wa kusema. Njiani akaniuliza, "Mdogo wangu, huo uzito mtu kama mimi anaupata wapi?" Nikamwambia ajaze maji mdomoni. Nilikuwa natania. Kesho yake nikamkuta na pini.

"Nikitaka kufoka," alinieleza, baada ya kuzitema kiganjani, "lazima nizitoe moja moja. Nikimaliza, neno lenyewe limeshapoa." Wateja wasumbufu walidhani amenuna, wakapunguza usumbufu. Mimi nilimcheka mpaka mbavu zikaniuma.

Mwaka huu binti alirudi. Alisema amekuja kusaidia kidogo tu, na mkoba wake akauweka chini karibu na mlango, tayari kwa safari. Kila asubuhi dada aliutazama ule mkoba kabla ya kuitazama kazi. Hakuniambia kitu, lakini tumelala tumbo moja. Nilijua anachoomba: mtoto asiondoke tena.

Wiki iliyopita likaja gauni la mahameli, la mama wa bwana harusi. Mahameli ina manyoya. Ukiyapapasa kwenda chini yanalala na kung'aa, ukiyapapasa kwenda juu yanasimama na rangi inakuwa nzito. Ndiyo maana vipande vyote hukatwa vikielekea upande mmoja. Binti, kwa kukimbiza kazi ili amfurahishe mama yake, aliukata mkono wa kwanza kinyume. Kitambaa kilichobaki kilitosha mkono wa pili tu, na dukani kilikuwa kimekwisha.

Dada aliuinua ule mkono kwenye mwanga wa dirisha. Mishipa ya shingo ikamsimama. Mimi mwenyewe neno lilishanifika kwenye meno, na gauni si langu.

"Nimeharibu, mama," binti akasema. Kabla hajajibiwa alishaunyakua mkoba na kufungua mlango. Mguu mmoja ukawa nje.

Dada akatoa pini ya kwanza, akailaza mezani. Akatoa ya pili. Nilitamani kumpigia kelele afanye haraka, mtoto anaondoka! Miaka yote nimemwombea dada yangu subira, na siku ile nikaiona subira ni adui. Akatoa nyingine. Binti alikuwa amempa mgongo, mabega yamepanda, anangoja kupigwa na neno.

Pini ya mwisho ikatoka.

"Mlango uko wazi," dada akasema.

Nikajua tumekwisha, historia inajirudia mbele ya macho yangu.

"Ufunge, mwanangu," akaendelea taratibu. "Vumbi linaingia kwenye mahameli. Halafu njoo tukate mkono wa pili, nao tuukate kinyume. Mikono yote miwili ikiwa na rangi nzito, nani atajua kama hatukupanga?"

Binti hakugeuka mara moja. Alifuta uso kwa kiganja, akafuta tena. Mimi nilishaanza kulia zamani, na sioni haya kusema. Nilimpenda dada yangu saa ile kuliko siku zote tulizoishi pamoja.

Mlango ukafungwa, na binti yuko ndani. Akakitoa kile kifuko msumarini, mkoba akauning'iniza hapo. Kisha akaja mezani, akanyoosha mkono.

"Nipe pini, mama."