Mikeka Yangu Miwili na Bibi wa Kijapani

Safari yangu ilianzia kwenye kicheko cha wifi yangu Zuhura. Ilikuwa miaka ile kabla ya vita kuu ya pili, nguo za Kijapani zilipojaa madukani. Mwenye duka mmoja hapa Bagamoyo aliniambia kwamba mfanyabiashara wa Kijapani huko Dar es Salaam anatafuta mikeka, maana yeye na mkewe hukaa chini kama sisi.

"Mwanahawa," Zuhura akacheka, "mtu mwenye nyumba ya bati akae mkekani? Utarudi nayo kichwani."

Nikaapa mbele ya wanawake saba ninaoshona nao mikeka kwamba sirudi bila kazi ya kututosha sote.

Alfajiri nikapanda lori la nazi na mikeka miwili. Mmoja wa rangi nne, kazi ya miezi mitatu. Mwingine mweupe, haukutiwa rangi. Huo niliuzungushia ule mzuri usichafuke.

Tulipofika Kerege lori likazama mchangani. Salehe, dereva, akaniomba mkeka wa kuweka chini ya tairi. "Chukua huo wa juu," nikasema, nikaenda kichakani kujisitiri. Niliporudi lori limeshatoka mchangani, na mkeka wa rangi nne umechanika katikati.

"Dada, nilipoukunjua mzigo, huu ndio ukawa juu," akajitetea.

Nilimtukana mpaka Bunju. Kutoka Bunju nikalia.

Saa nane mchana nikafika Upanga. Bwana Mjapani alifungua mlango, akainama. Nikadhani kaangusha kitu, nikainama nimsaidie kutafuta. Akainama zaidi. Tuliendelea hivyo mpaka ushungi ukanidondoka.

"Karibu, mama," akasema kwa Kiswahili cha dukani. "Huyu mke yangu, Hana."

"Hana nini?"

"Hana."

"Masikini," nikasema. "Mungu atampa."

Nikavua viatu mlangoni bila kuambiwa, na Bibi akafurahi sana. Lakini chumba chao kilinitia huruma: meza fupi, na pembeni chombo cha udongo kilichopinda, ndani yake ua moja tu. Chai yao ilikuwa ya kijani, chungu, haina sukari. Niliinywa kwa ajili ya wale wanawake saba.

Bwana akaitwa nje. Bibi akanionyesha kile chombo kwa kidole, akasema polepole, "Hana."

Ndipo nikaelewa. Alitaka kusema "hakina", Kiswahili kikampiga chenga. Chombo hakina maua ya kutosha, naye anaona haya kuomba! Alipokwenda jikoni kuchemsha maji, nikatoka bustanini, nikachuma waridi, asumini na tawi zima la mlangilangi, nikashindilia mpaka chombo kikafanana na kichwa cha bibi harusi.

Bibi alirudi na birika, akasimama. Uso haukutikisika. Nikaona kazi yetu imeota mbawa. Bwana naye akaingia, akakodoa macho.

"Kasema hana," nikajitetea, "nikampa."

Bwana akakaa chini akacheka akishika mbavu. "Kwetu hana ni ua! Mke yangu jina yake Ua!" Akamfasiria mkewe, naye akafunika mdomo kwa mkono wa nguo, akacheka mpaka maji yakamwagika.

Kisha Bibi akayatoa maua moja moja, akinipa, mpaka likabaki asumini moja limeinama.

"Maua mengi, macho inakimbia," Bwana akasema. "Moja, macho inakaa."

Nikalitazama. Nimevaa asumini tangu utoto, nimeyatandaza vitandani, lakini sikuwahi kuliangalia moja.

Kwa aibu nikatandika mkeka mweupe. Bibi akaupitisha kiganja, akakuta mahali ukindu uliponipungukia nikaunga mwingine uliofifia. Hapo akatabasamu.

"Kama hii," Bwana akasema, "leta kwa vyumba yote."

Nikataka kusimama nishukuru, miguu ikawa imekufa ganzi kwa kupiga magoti. Nikawaangukia wote wawili.

Kesho yake nilirudi Bagamoyo na kazi ya kututosha sote. Jioni nikaondoa ukutani sahani zangu zote za mapambo, nikaficha mito na vioo, nikaacha asumini moja ndani ya kikombe. Mume wangu alirudi kutoka msikitini, akasimama kizingitini, akapiga yowe, "Wezi! Tumeibiwa!"

Majirani wakaja na marungu, Zuhura mbele na mchi. Ilinichukua muda kuwatuliza.

Nilichojifunza ni kwamba uzuri unataka nafasi ya kukaa, na kwamba mume anataka kuambiwa mapema.