Tende Niliyoitema

Mimi hutoka nyumbani kwa mambo mawili, mazishi na kura. La tatu lilikuja siku ya akika ya mtoto wa kaka yangu. Wanaume wenzangu walikuwa nje wakibishana juu ya mbuzi, mimi nikawa jikoni namenya matoke, kisu kikaniingia kidoleni.

Kaka alikuwa na lori, akivuka mpaka wa Mpondwe kwenda Butembo, Kongo, na kurudi. Kwa mwezi tulimwona siku nne. Kwetu mtu mmoja hutafuna tende, kidogo kikapakwa kwenye kaakaa la mtoto mchanga, na watu husema mtoto atafuata tabia ya aliyetafuna. Kaka alinichagua mimi. Alitaka, alisema, mtoto mmoja wa kukaa nyumbani. Mkewe, Mkongomani aliyesilimu alipoolewa, alicheka. "Iko sawa, shemeji, lakini asilale sana kama weye."

Basi nikaenda hospitali pale Bwera, chumba cha dharura, nguo imefungwa kidoleni. Muuguzi alinishona nyuzi tatu. Nilikuwa nangoja sindano ya pepopunda nirudi kwa matoke yangu, kikohozi kikanishika mpaka nikang'ang'ania kitanda. Ilikuwa wiki ya tatu nakohoa, nasingizia vumbi la malori.

Muuguzi aliweka sindano chini. "Ssebo, nyumbani kuna mtoto mdogo?"

Nikamwambia yupo, wa siku saba. Nikamweleza na habari ya tende, kwa majivuno kidogo.

Hakucheka. Alisema huenda hicho ni kifaduro. Kwa mtu mzima ni kikohozi cha kuudhi tu, lakini mtoto wa siku saba anaweza kuacha kupumua. Walikuwa wameletewa chanjo ya wakubwa, ya pepopunda na kifaduro kwa pamoja, na walimpa kila aliyefika pale na kidonda akikubali, maana mtu mzima asiye na kidonda haji kuomba chanjo. Nikakubali. Ndipo akasema nisilotaka kusikia: sindano ile ni ya siku za mbele, haiondoi kikohozi nilicho nacho. Nimeze vidonge siku tano, na mpaka viishe nisiingie chumba kimoja na mtoto.

Juu ya bodaboda nilijadiliana na nafsi yangu, nikashinda. Mkono uliochomwa sindano ulikuwa unauma, kwa hiyo dawa ilikuwa inafanya kazi. Na nyumba imejaa wageni, nitasema nini mbele yao? Nikajifunga leso mdomoni mpaka mlangoni, kisha nikaivua.

Sheikh alisoma dua. Kaka akaleta tende kwenye kisahani. Nikaitia mdomoni, nikaanza kutafuna polepole, na kooni kikaanza kile kiwasho. Nikabana pumzi. Shemeji akamsogeza mtoto, na mtoto akafungua mdomo, akidhani ni ziwa.

Niligeukia ukutani, nikatema tende kiganjani, nikakohoa mpaka machozi yakatoka.

"Unamkataa mtoto wangu mbele ya watu?" kaka aliuliza. Alisema kwa sauti ya chini, na huo ndio ubaya wake.

"Hospitali wamenikataza. Nikimpa hii ninaweza kumuua."

Shemeji alimvuta mtoto kifuani, akarudi nyuma mpaka dirishani, akatazama chumba kizima, mmoja mmoja. "Nani mwingine anakohoa humu?"

Shangazi yetu, aliyempakata mtoto asubuhi nzima, akainamisha kichwa.

Tende ya pili aliitafuna kaka mwenyewe. Mimi nilihamia stoo na godoro langu. Kwa mara ya kwanza kukaa ndani kukawa amri ya hospitali. Kesho yake kaka hakuwasha lori. Alimpeleka shangazi hospitali, akapewa vidonge kama vyangu, wengine wa nyumba nzima akawapanga foleni mlangoni pa chumba cha dharura. Muuguzi akauliza kidonda kiko wapi. Kaka akamjibu, "Hatuna kidonda, musawo. Tuko na mtoto."

Hayo nilisimuliwa na shemeji kupitia ukutani. Nikamuuliza mtoto anaendeleaje. Akasema amelala, nisimwamshe na kelele zangu. Siku kumi na zaidi niliweka sikio kwenye ukuta ule kila alipolia, nikingoja kilio kikatike na kikohozi kifuate. Alilia tu, kwa nguvu, akitaka ziwa.