Kochi la Watu

Mafundi wana siku moja tu katika kalenda yao, nayo inaitwa kesho. Ukienda kesho, utaambiwa kesho. Ukienda na hasira, kitambaa kimechelewa. Ukienda na machozi, umeme ulikatika. Ukienda na askari, fundi amefiwa. Yupo fundi mmoja mtaa wa pili ambaye amemzika shangazi yule yule mara nne, na shangazi mwenyewe bado anapita pale kumdai kiti chake.

Lakini fundi makochi wa nyumba ya kona, mwenye karakana ya mabati iliyopeana mgongo na nyumba yake, alikuwa kiumbe wa ajabu. Yeye alisema Jumamosi. Na Jumamosi ikifika, kochi lako liko mlangoni, limevishwa nailoni, linang'aa kama bwana harusi aliyeoga mara mbili. Watu wakamwita Fundi Jumamosi. Mafundi wenzake wakamchukia kwa moyo mmoja, maana mkweli mmoja anatosha kuwaharibia biashara waongo ishirini.

Mganga hajigangi, kwa hiyo ndani kwake hakukuwa na kochi. Kulikuwa na stuli tatu, benchi, na kiti cha mikono chenye miguu mitatu na tofali. Makochi yalipita pale kama abiria, na nyumba ilikuwa na sheria iliyotangulia hata ile ya kunawa mikono: kochi la watu halikaliwi. Si kwa makalio, si kwa kiwiko, wala kwa "naonja kidogo tu." Binti yake alipigwa kofi moja tu na baba yake maisha yote, na alilipata alipokutwa kalala kwenye kochi la mwalimu, kajifunika nailoni kama mkate.

Huyo binti ndiye mwenye kisa. Mtaa ulimwita Profesa tangu alipopata nafasi chuoni kusomea biashara, na yeye, kama maprofesa wengine, alilizoea jina kabla ya kulifanyia kazi.

Chuoni alikuwa na marafiki watatu. Mwenyekiti aliitwa hivyo kwa sababu aliongoza kila kitu, hata msafara wa kwenda chooni. Miwani alikuwa na miwani; hapo hakuna fumbo. Kicheko alicheka hata akisomewa matokeo aliyofeli. Wanne hawa walikuwa na utaratibu wao: kila mwisho wa mwezi mmoja anawaalika wenzake kwao, anapika kwa mikono yake, wanakula, wanalala, asubuhi wanakunywa chai na kutawanyika.

Kwa Mwenyekiti choo kilikuwa na zulia. Kwa Miwani kila mgeni alipewa chumba chake, na Profesa, aliyezoea kulala akisikia mama yake akikoroma ng'ambo ya pazia, alikesha kwa upweke. Kwa Kicheko mbwa alikuwa na godoro. Profesa alilibonyeza kwa siri, maana sponji aliijua tangu utotoni, akakuta ya mbwa ni nzito kuliko anayolalia yeye.

Kwa hiyo walipomuuliza baba yake anafanya kazi gani, alijibu, "Baba ana kampuni ya samani." Hakudanganya sana. Samani zilikuwepo na baba alikuwepo. Kampuni tu ndiyo iliyokuwa njiani.

Halafu zamu yake ikafika.

Ijumaa hiyo katika karakana kulikuwa na kochi la kona, rangi ya maziwa, limekwisha. Lilikuwa la Mama Mawigi, muuza nywele za bandia, mwanamke ambaye kitambaa alikichagua mwenyewe, akakileta mwenyewe, na akakipima mbele ya fundi huku akisema, "Si kwamba sikuamini, ila nawajua." Angekuja kulichukua kesho yake, Jumamosi.

"Mama, wageni wangu watalala wapi?" Profesa aliuliza huku akimenya vitunguu.

"Kwenye mkeka, kama watu."

"Wale hawajazoea chini."

"Kwani ni nini, mayai?"

Machozi yakamtoka Profesa. Vitunguu vilihusika, lakini si peke yao. Akatoka na kisu mkononi mpaka karakana, akamkuta baba yake anabandua gundi vidoleni.

"Baba, nakuomba lile kochi. Usiku mmoja. Nitatandika shuka, hata unyoya hautaligusa."

"Profesa, lile ni kochi la watu."

"Najua. Lakini nitaaibika, baba."

Fundi aliweza kunyoosha springi iliyopinda miaka kumi. Mtoto anayelia hakujua aanzie kumshika wapi. Akatazama kochi, akatazama kisu, akatazama kochi tena.

"Alfajiri lirudi hapa," alisema. "Kabla ya chai."

Chakula kilitoka vizuri mno, na haki ya mtu apewe: Profesa alijua kupika. Wali ulichambuka, kuku akawa mwekundu bila kuungua, mboga hazikulala. Wageni walifika, wakasalimia, wakazama kwenye kochi la rangi ya maziwa.

"Jamani!" Mwenyekiti alisema. "Hili kochi linakukumbatia kabisa. Mmelinunua wapi?"

"Baba aliagiza," Profesa alijibu.

Kwenye stuli, baba alikohoa. Alikuwa ameoga, amevaa shati lake la harusi za watu, na nyuma ya sikio lake ilibaki chembe moja ya sponji ambayo Profesa hakuacha kuiangalia mlo mzima.

"Baba, njoo ukae huku, nafasi ipo," Miwani alimkaribisha.

"Ahsante, mwanangu. Mgongo wangu umezoea kigumu."

"Na mama je?"

"Hata mimi," mama alisema kwenye benchi. "Migongo yetu imeoana."

Kicheko akapasuka. "Nyumba gani hii? Wenye kochi wanakaa kwenye stuli, wageni ndio wanaojinyoosha!"

Wote wakacheka. Profesa alicheka kwa nguvu kuliko wote, na mnofu wa kuku ukamkwama.

"Mzee," Mwenyekiti aliendelea, kwa sauti yake ya mikutano, "kampuni ina wafanyakazi wangapi kwa sasa?"

Fundi akamwangalia binti yake kama mwanafunzi aliyekuta kwenye mtihani swali ambalo halikufundishwa. Profesa akainamia sahani.

"Tuko..." alisema fundi. "Tunatosha."

Mama akainuka akaanza kukusanya vyombo, ingawa watu walikuwa bado wanakula.

Hapo ndipo aibu ilipobisha hodi kwa Profesa kwa mara ya kwanza, na haikuja kwa mlango aliokuwa anaulinda. Alikuwa amejiandaa kuona aibu ya stuli, ya tofali, ya pazia. Hakujiandaa kumsikia baba yake akitafuta neno mdomoni kama mtu anayetafuta ufunguo usio wake.

Alfajiri fundi alikuja mlangoni mara mbili, akasafisha koo, akarudi. Wasichana walikuwa wamelala kama magunia ya mchele, mmoja huku na mwingine kule, na kuamsha mabinti wa watu kulimshinda. Jua likapanda, chai ikaiva. Walikuwa wanachovya mkate, shuka bado limetandikwa chini yao, waliposikia magurudumu ya mkokoteni.

"Hodi hapa! Fundi Jumamosi! Leo siku yako!"

Mama Mawigi alikuwa amevaa wigi lake la heshima, lile refu. Nyuma yake walisimama wanaume wawili wa mkokoteni wenye kamba mabegani.

"Nimewahi, usinilaumu," aliendelea. "Wakwe wanakuja mchana. Kochi la zamani nimeshaligawa, nyumba ni tupu kama msikiti, hata pa kuweka mkoba hakuna."

Fundi alitoka mbio akasimama mlangoni, mikono kaitanua bila kujua, kama mtu anayezuia mbuzi asiingie shambani.

"Mama Mawigi," alisema. "Halijaisha."

"Nini hakijaisha?"

"Kochi. Kitambaa kilichelewa."

"Kitambaa si nilikuletea mwenyewe?"

"Basi... umeme ulikatika."

"Umeme! Wewe cherehani yako si ya kukanyaga kwa miguu?"

Masikini, hakujua kudanganya. Uongo una ufundi wake, unataka mazoezi, na yeye hakuwahi kuwa mwanagenzi. Alikuwa anaokota uongo wa mafundi wenzake, mmoja mmoja, kama mtu anayejaribu viatu vya msikitini, na hakuna kilichomtosha. Mwishowe akafika kwenye kile kikubwa kuliko vyote.

"Njoo kesho," alisema.

Wanaume wa mkokoteni wakatazamana. Jirani aliyekuwa anafua akaacha shati mkononi. Neno hilo lilikuwa halijawahi kusikika katika uwanja ule.

"Kesho," Mama Mawigi alirudia taratibu. "Wewe. Kesho." Kisha akainama kidogo, wigi likatangulia, akachungulia chini ya kwapa la fundi. "Na lile pale ndani ni nini?"

"Lile... ni letu."

"Lenu? Kwa kitambaa changu?" Sauti ikapanda juu ya paa. "Yaani umenikata kitambaa! Mimi naletewa kesho, wewe wanao wananywea chai kwenye mita zangu! Mwizi! Njooni mwone, Fundi Jumamosi amekuwa mwizi!"

Ndani, Mwenyekiti alimgusa Profesa kiwiko. "Huyu mama mbona anamtukana baba yako? Tena anamwita fundi. Mwambie aondoke!"

Muhula uliopita Profesa alikuwa wa kwanza darasani katika somo la kulinda jina la biashara. Aliandika kurasa tisa na bwana mwalimu akazisoma mbele ya watu. Sasa jina la biashara lilikuwa linachunwa ngozi mlangoni, na yeye alikuwa na kipande cha mkate kinachodondosha chai kwenye goti. Angeweza kunyamaza. Mama Mawigi angechoka na kuondoka, wageni wangeaga, kochi lingepelekwa jioni, na kampuni ya samani ingebaki hai. Baba yake alikuwa ameshalipa. Kilichobaki ni yeye kupokea tu.

Akainua macho, akamwona mama yake mlango wa jikoni, birika mkononi. Alikuwa anamwangalia tu, na birika linamwagika kidogo kidogo sakafuni.

Profesa akasimama.

"Mama Mawigi, kochi ni lako," alisema, na sauti ikatoka nyembamba kama ya paka aliyefungiwa. "Limekwisha tangu jana. Baba hajakata kitu. Mimi ndiye nililiomba, nina wageni." Akawageukia wenzake bila kuwaangalia. "Naomba mwinuke."

Hivyo akamtoa baba yake kwenye wizi, akamtumbukiza kwenye uongo.

Wasichana waliinuka, vikombe mkononi. Kicheko, kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, hakucheka. Mama Mawigi alipita chini ya mkono wa fundi, ambao bado ulikuwa umetanuka ukizuia kitu kisichokuwepo tena. Akavuta shuka, akaweka kiganja kwenye mto.

"Lina joto," alisema.

Akawapungia wanaume wake waingie.

Wanaume wa mkokoteni wakashika upande mmoja. Fundi akashika ule mwingine, ule mzito wa kona, na soksi ya Miwani ikaanguka katikati ya chumba ikalala pale. Alipofika aliposimama binti yake, fundi alisema kwa sauti ya kawaida, "Sogea, mwanangu, lisikuumize." Profesa angetoa mwaka mzima wa chuo apigwe kofi badala ya kusikia hayo.

Mama Mawigi alikawia mlangoni. Hasira ilikuwa imemtoka na alionekana kupungua urefu.

"Kochi ni zuri, Fundi. Sina neno nalo," alisema. "Ungeniambia tu kwamba mtoto ana wageni, ningekuja saa tano. Mimi mwenyewe naligombania kwa ajili ya wageni. Sijui aibu mimi?" Akarekebisha wigi. "Ila hilo la kesho... Kumbe na wewe unalijua."

Wageni walimalizia chai kwenye benchi na stuli, magoti juu, wameshika vikombe kwa mikono miwili. Mwenyekiti alisema chakula kilikuwa kitamu kweli, akarudia kusema hivyo, kama mtu anayetoa pole msibani. Hawakumtenga Profesa baada ya hapo, afadhali wangemtenga. Waligeuka wema. Kila walipokutana walimwachia kiti kizuri kuliko vyote, na hakuna aliyemuuliza tena habari za nyumbani.

Mtaani mambo yalikuwa mepesi zaidi, maana mtaa haujui kuficha. Siku hizi fundi akimwambia mteja "Jumamosi," mteja anajibu, "Jumamosi ipi, Fundi?" na wote wanacheka. Fundi anacheka nao. Mafundi wenzake wamempokea kama ndugu aliyepotea, yule mwenye shangazi alimletea soda, akamwambia, "Karibu nyumbani." Makochi bado yanatoka siku ile ile aliyosema, hajawahi kukosa. Lakini wateja wanapiga simu Ijumaa kuuliza, jambo ambalo zamani hawakulifanya.

Jioni moja Profesa alirudi kutoka chuoni akamkuta baba yake amechuchumaa katikati ya vipande: mbao zilizobaki, sponji za rangi tatu, vitambaa vya makochi ya watu mbalimbali ambavyo wenyewe walisema tupa tu. Alikuwa anaunga fremu fupi ya kukaa watu wawili. Mama alisimama kando, mikono kiunoni.

"Hili la nani?" Profesa aliuliza.

"Letu."

"Litakwisha lini?" mama akadakia.

Fundi alitoa misumari mdomoni, mmoja baada ya mwingine, akaipanga juu ya ubao.

"Jumamosi," alisema.

Profesa alijikuta ameshafungua mdomo, swali la mtaa limefika kwenye ulimi lenyewe, kwa mazoea tu. Akaufunga. Akaweka mkoba chini, akashika ncha ya pili ya mbao ili baba yake apigilie.