Mshona Matanga Aliyeandikwa Mara Mbili

Asubuhi ile, mjini Baraka, kando ya ziwa, baba alikuwa akiziba pancha ya baiskeli. Alizamisha mpira katika beseni la mama la kuoshea vyombo, tukawa tunatafuta mapovu. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Mama alilalamikia beseni lake.

Mchana risasi zilianza upande wa soko. Tukakimbilia ziwani. Mama alitangulia kupanda boti. Baba alinishika mkono mpaka majini, akanirusha ndani ya boti.

Nililala kifudifudi.

Injini ikawaka.

Kambini, ng'ambo ya ziwa, karani aliuliza baba yuko wapi. Mama aliinamisha kichwa. Botini yeye alikaa ameuelekea ufuko, kwa hiyo nilidhani nimeelewa ukimya wake.

"Amekufa," nikasema.

Karani akaandika. Jioni mama akanyoa nywele kuomboleza.

Sasa nasoma historia chuo kikuu, hapa Sydney. Kwa kuwa najua Kifaransa, nilipewa kuchunguza manowari ya Kifaransa ya karne ya kumi na nane: mizinga sabini na minne, ikatekwa na Waingereza, ikabadilishwa jina, ikaishia kuwa gereza linaloelea, kisha kuni. Kutwa nzima nakaa peke yangu na orodha ya mabaharia wake. Siamini jambo kwa sababu tu limeandikwa, kwa hiyo nikalinganisha madaftari. Mshona matanga mmoja, mwenye kovu kidevuni, ameandikwa kuwa alikufa vitani. Miezi minne baadaye, katika daftari la wafungwa la Waingereza, jina lile lile, kijiji kile kile, kovu lile lile, anapokea blanketi.

Nilifunga kompyuta, nikapanda treni hadi nyumbani, Quakers Hill. Mama alikuwa akipiga pasi sare yake ya kazi.

"Bado wanakusomesha kuhesabu Wazungu wafu, papa?" akacheka; kwetu mama humwita hivyo mwanawe wa kiume.

"Mama, ulimwona baba akianguka?"

Pasi ikasimama.

"Miye? Nilikuwa nimeficha uso kwenye magoti. Weye ndiye ulisema. Ulikuwa naye mwisho. Nilijua umeona."

Sikuona kitu.

Miaka kumi na mitano, na hakuna kati yetu aliyemtafuta. Huenda alikufa palepale majini. Hilo linawezekana sana, na sitajidanganya. Lakini yule mshona matanga alipata karani wa pili. Baba aliandikwa mara moja tu, kwa neno langu.