Jumapili Emiliana Alipotafsiri Filamu

Emiliana wa Iguguno alipoteza uwezo wa kusikia akiwa na miaka tisa, kwa homa ya uti wa mgongo. Hilo alishalizoea. Alichoshindwa kukizoea ni kuchelewa kucheka.

Kila Jumapili baada ya ibada, mumewe Nathan alimpeleka kwenye kibanda cha video cha Deo. Deo hutafsiri filamu za nje kwa kipaza sauti, na asipoelewa hutunga, tena bila haya. Nathan humsikiliza, kisha humpa mkewe habari kwa ishara walizobuni wenyewe katika miaka ishirini ya ndoa. Mpaka ishara zifike, kibanda kizima kimeshacheka na kunyamaza. Emiliana alimshukuru mumewe kila mara, lakini moyoni aliona anakula makombo. Alitamani walau siku moja ale na wenzake, chakula kikiwa cha moto.

Basi Jumapili moja baada ya mavuno ya alizeti, Deo akaweka filamu kuukuu isiyo na rangi aliyoipata Singida mjini. Watu wakangoja sauti. Mzee Paulo, mteja wa siku zote, akaipiga spika kofi, wapi. Filamu yenyewe ilikuwa bubu tangu kuzaliwa kwake, na maandishi yaliyopitapita yalikuwa ya lugha ambayo Deo hakuijua hata herufi. Lakini Deo akubali kushindwa?

Kwenye picha, kijana alikuwa akifunga sanduku, mkewe amempa mgongo, analia.

"Huyu kapata mwingine mjini," Deo akatangaza. "Anamkimbia mkewe."

Wanawake wakasonya. Nathan alipoanza kumpa mkewe habari hizo, Emiliana akaushusha mkono wake na kumjibu haraka haraka.

"Mama Aneth anakataa," Nathan akasema kwa sauti, akimwita mkewe kwa jina la mtoto wao. "Anasema kijana kakunja kitambaa cha mkewe, kakitia mfuko wa ndani. Mtu anayemkimbia mkewe habebi kitambaa chake. Huyu analazimishwa kuondoka."

"Mama Aneth kajua Kizungu lini?" Deo akauliza, watu wakacheka.

"Hajui. Anajua nyuso."

Hawajamaliza kubishana, askari wawili wakaingia kwenye picha, wakamkamata kijana. Deo ana mdomo lakini hana kinyongo. Akamkabidhi Nathan kipaza sauti. "Baba Aneth, mimi nimefika mwisho. Njooni mbele."

Mikono ya Emiliana ikasema, Nathan akaitolea sauti. Emiliana aligundua kwamba mama mkwe wa yule mwanamke kwenye picha anaficha barua kwa jinsi tu alivyofunga droo. Mwishoni, kijana aliporudi na mvi na kutoa kile kitambaa, mikono ya Emiliana ikasimama. Alikuwa analia. Akageuka nyuma, akaona kibanda kizima kinalia, wakati uleule mmoja na yeye.

Akaweka kiganja kifuani kwa Nathan, ambako maneno yake yalikuwa bado yanatetemeka. "Asante," akamwambia kwa ishara.

Nathan ndiyo kwanza machozi yalikuwa yanamtoka, maana muda wote alitazama mikono ya mkewe, si picha. Akamjibu kwa ishara: "Leo nimechelewa mimi."