Nilimdanganya Masika Kuhusu Barabara ya Beni

Kosa ni langu. Naanza hapo ili mtu asipoteze muda kumtafuta mkosaji mwingine kabla barua hii haijaisha. Nilimwonea rafiki yangu wivu, na wivu ukanitia katika jambo ambalo kwetu hata mwizi analiogopa.

Jina langu ni Kavira. Siogopi kuliandika, maana ukisimama katikati ya soko la Butembo ukaita "Kavira!", nusu ya wanawake watageuka. Kwetu Wanande, Kavira ni binti wa pili. Rafiki yangu naye ni Masika, binti wa kwanza wa kwao, na akina Masika nao wamejaa mji mzima. Donc, basi, hamtatujua.

Ila mshike hilo: yeye wa kwanza, mimi wa pili. Siku zile nililiona hilo kila mahali, hata pasipo na maana.

Mimi ni fundi wa nguo. Nina cherehani mbili za miguu katika chumba kimoja cha kando ya barabara, moja yangu, moja ya marehemu shangazi. Masika alinikuta hapo miaka mitatu iliyopita. Alikuwa ametoka upande wa Mabalako, amekimbia masasi, yaani risasi, mtoto mgongoni, kiatu kimoja mguuni. Mume wake hakufika. Masika mwenyewe alikuwa mkulima wa kakao, hajui hata kutunga uzi kwenye sindano.

Nilimpa cherehani ya shangazi. Nilimfundisha kukata, kupinda, kuweka kola. Aliniita yaya, na kweli nilikuwa dada yake mkubwa. Nilimpenda, jamani! Msidhani nilimchukia tangu mwanzo.

Kisha akaja Masere. Ni sista mzee, Mtaliano, anayefundisha Kitaliano parokiani kila Jumamosi. Alituambia kwamba shirika lao litachukua fundi mmoja, aende Italia mwaka mzima kujifunza kudarizi mavazi ya misa. Akirudi, atasimamia chumba kikubwa cha kushonea watakachofungua hapa Butembo. Nafasi ni moja, na sharti ni kujua Kitaliano cha kutosha kuongea na walimu wa huko.

Mimi ndiye niliyemwambia Masika twende wote. Nilitaka mtu wa kunisindikiza. Niliona wazi kwamba nafasi ni yangu, yeye atakuwa wa kunipigia makofi!

Masere alituanzisha na kitenzi cha kushona, maana ndicho kinachotulisha. Tukawa tunakariri kazini, mguu kwenye pedali, mdomo kwenye vitenzi. Io cucio, tu cuci, lei cuce. Ninashona, unashona, anashona. Nafsi sita kwa mshono mmoja, ukifika mwisho unakata uzi, unaanza upya kwa wakati mwingine, wa jana au wa kesho.

Mwezi wa kwanza tulikwenda pamoja. Mwezi wa pili alinipita, na sikumwona akinipita. Mimi bado nilikuwa napigana na ya leo, yeye alishamaliza ya jana, ya zamani sana, ya kesho. Cucivo, cucii, cucirò. Akaingia hata kwenye ile ya kutaka na kutia shaka, ile ambayo Masere mwenyewe alisema inawatoa jasho watoto wa kwao. Masika aliimeza kama uji.

"Brava, Masika! Brava!" Masere alikuwa akipiga meza kwa furaha. Mimi aliniambia, "Pole pole, Kavira, utafika." Utafika! Neno hilo lilinichoma zaidi ya tusi.

Nikaanza kuumwa. Ni nini kingine kama si ugonjwa? Nilikuwa nikisikia sauti yake, mshono unakwenda kombo. Alikuwa na daftari alilolifunika kwa kipande cha kitenge, kitenge changu mwenyewe, mabaki ya gauni langu la Pasaka niliyompa kwa mkono wangu. Ndani ameandika vitenzi kwa safu nzuri, kila wakati na ukurasa wake. Nilikuwa nikiliangalia lile daftari kama mke anavyomwangalia mke mwenza.

Wateja wakawa wanakaa kumsikiliza. Nguo yao imekwisha, hawaondoki! Mama yangu mzazi alikuja siku moja kuleta maharagwe, akasimama mlangoni mdomo wazi.

"Kavira, huyu mutoto iko na kichwa! Anasema Kitaliano sawa padri."

"Ndiyo, mama," nilisema.

"Na weye?"

Na mimi! Nikawa nakanyaga pedali kwa nguvu ili kelele ya cherehani imfunike. Yeye akidhani nina haraka ya kazi, ananyamaza, anakuja kunisaidia kupinda. Siku aliyokosea, ilikuwa mara moja tu, niliimba mpaka jioni.

Basi mtihani ukapangwa. Mkubwa wa masista alikuwa akipita Beni, na angewasikiliza watu siku moja tu, Ijumaa asubuhi, halafu Jumamosi anapanda ndege. Tulipatana tusafiri Alhamisi, tulale kwa mjomba wangu. Lakini Alhamisi mtoto wa Masika akaamka na homa.

"Yaya, weye tangulia," aliniambia. "Mutoto akipata nafuu, nitamuacha na mama yako, nitakuya kesho asubui mapema. Ukiamuka kule, uniambie route iko namna gani."

Wasomaji wa mbali hawawezi kuelewa uzito wa maneno hayo. Kwetu, kati ya Butembo na Beni, mtu hapandi gari kabla ya kuuliza barabara, maana wenye bunduki huvizia magari. Aliyetangulia ndiye jicho la anayefuata. Unaweza kumdanganya mtu kwenye bei, kwenye mapenzi, hata kwenye ungamo kwa padri, lakini ukiulizwa barabara unasema ulichokiona. Kuna watu wako hai kwa sababu ya neno moja la simu, na kuna waliokufa kwa kulikosa.

Mimi nilisafiri salama kabisa. Kina mama walikuwa wakiuza kabichi kando ya njia, shofere anapiga stori tangu tunatoka mpaka tunafika. Ijumaa niliamka kwa mjomba, nikaenda kituo cha magari kuangalia. Magari yanaingia, yanatoka. Njia ilikuwa safi!

Nikashika simu, nikarekodi sauti. Nayakumbuka maneno yangu yote, kuliko kitenzi chochote nilichofundishwa.

"Masika, hapana toka! Route haiko muzuri. Banasema masasi inalia, bashofere banarudi. Bakia na mutoto."

Nilisema masasi kwa makusudi. Nilijua amekimbia nini. Nilijua akisikia neno hilo hatauliza mara mbili. Mungu wangu! Nilichukua kidonda chake nikakitumia kama kufuli.

Akajibu, "Aksanti, yaya. Mungu akulinde huko." Nikazima simu.

Masere alikuwa amesimama mlangoni pa nyumba yao ya Beni. "Na Masika?" akaniuliza. Nikasema mtoto anaumwa. Walimngoja mpaka saa sita, yule mkubwa akiangalia saa yake. Nilipoingia mimi, akaniomba nimweleze kazi yangu: nilianzaje, jana nilishona nini, mwakani ningependa kushona nini. Nilijibu vyote kwa ya leo. Ninashona, ninashona, ninashona. Akatabasamu kwa huruma, akafunga daftari lake.

Mchimba kisima huingia mwenyewe. Nafasi ilikwenda kwa msichana wa mji mwingine.

Mngedhani imeishia hapo. Haikuishia! Masika aliposikia sauti yangu alifanya kile ambacho kila mtu mwema wa kwetu angefanya. Alimweka mtoto mgongoni, akakimbia mpaka kituo cha magari kuwaonya wengine. Alisimama kati ya magari akipiga kelele watu wasiende. Abiria wakashuka. Mama mmoja aliyetoka Kyavinyonge na mabeseni ya samaki, akitaka kuwahi soko la Beni, akayashusha.

Saa nane likaingia gari la mbao kutoka Beni, shofere anapiga mluzi. Watu wakamzunguka. Barabara? Barabara iko safi, nani aliwadanganya? Wakamgeukia Masika. Yule mama wa samaki, samaki wake washaanza kunuka, akamtukana mbele ya kila mtu.

Masika hakunitaja. Aliwaambia, "Ni miye. Nilisikia mubaya." Haya nilisimuliwa na mteja wangu aliyekuwa pale, anacheka, hajui anamsimulia nani.

Jumatatu nilimkuta kazini kabla yangu. Hakuwa amekaa kwenye cherehani.

"Yaya, ni nani alikuambia masasi inalia?"

"Banasema," nilijibu.

"Ba nani?"

Aliuliza polepole, bila hasira. Alikuwa akinisaidia, jamani! Alitaka nimpe jina, jina lolote, la shofere, la askari, la mpita njia, ili aendelee kuniita yaya. Nikaangalia sindano.

Akaelewa. Alichukua mkasi wake na daftari lake. Pale mlangoni akasimama, akakifungua kile kipande cha kitenge kwenye jalada, akakikunja vizuri kama nilivyomfundisha kukunja nguo za wateja, akakiweka juu ya meza yangu. Daftari likaondoka bila nguo.

Siku hizi anashonea kwa mtu mwingine. Masere bado anamfundisha, na anasema safari ijayo wakiita watu, Masika atakuwa wa kwanza. Mimi sirudi kule parokiani. Hata hivyo vitenzi vinanijia nikikanyaga pedali, na kinachonijia zaidi ni kile cha mambo ambayo yangekuwa lakini hayakuwa. Angekuja. Angeongea. Angeshinda. Hicho ndicho kilichonishinda darasani, na sasa nakijua kwa nafsi zote sita.

Wiki iliyopita nilirudi kutoka Beni kumwona mjomba. Nilishuka garini hapa Butembo, nikamkuta Masika kituoni na kifurushi chake, anasubiri kupanda kwenda huko. Tulikuwa karibu kama mimi na meza hii. Alinisalimia kwa Kinande, kwa heshima, akauliza mama yangu hajambo. Nikamwambia hajambo. Nikangoja aniulize. Nilikuwa tayari kumwelezea barabara kona kwa kona!

Akanipita. Akainama kwenye dirisha la gari lile lile nililoshuka mimi.

"Papa shofere, route iko namna gani?"

"Iko muzuri, mama. Panda."

Akapanda.

Nyinyi mnaonisoma, wivu ukiwashika, lieni, gombaneni na mito, vunjeni hata sindano. Lakini mwenzako akikuuliza njia, mwambie njia ilivyo. Mimi nilikuwa nimetoka Beni kwa macho yangu mawili, nimeiona barabara yote, na hakuna aliyeniuliza.