Mji Niliouchora Ukutani kwa Mwalimu

Juzi mjukuu wangu kanionyesha kazi yake, picha ya mji: magari yamepindana, watu wanakimbia, majengo kama yanataka kuangukiana. Ndiyo kazi inayomlisha. Nikacheka, nikamwambia huko mimi nimeshapita, na nusura nifukuzwe shule.

Ilikuwa enzi za Mwingereza, niko darasa la kwanza huku Kibosho mlimani. Bibi alinichukua kwa mara ya kwanza kushuka Moshi mjini kuuza ndizi. Ndugu yangu, nilichanganyikiwa. Treni ilipopiga honi nilijificha ndani ya kanga ya bibi. Makuli walikimbia na magunia ya kahawa mgongoni kana kwamba wamebeba mito ya kulalia. Barazani mafundi wanakanyaga cherehani, baiskeli zinapiga kengele, askari wa kofia nyekundu anamfokea mwenye mkokoteni, na harufu ya vitumbua imechanganyika na ya mafuta ya lori. Nilirudi mlimani kichwa kinavuma. Hata mtori, supu yetu ya ndizi, haukushuka kooni.

Kesho yake nikachukua mkaa jikoni. Jirani yetu ndiye aliyekuwa mwalimu wangu, na nyumba yake ilikuwa imetoka kupakwa chokaa, nyeupe kama maziwa, maana Jumamosi wageni walikuwa wanakuja kumposa binti yake. Mimi sikuona nyumba. Niliona nafasi. Nikajaza ukuta wote wa mbele: treni, makuli, malori, na fundi wa miguu minne.

Mwalimu aliporudi hakupiga kelele. Alimwambia mama tu kwamba kesho nisije shule, wala kesho kutwa. Wasichana tulikuwa watatu darasani, na mimi ndiye niliyekuwa nikiipenda ile shule kuliko chakula. Nililia mpaka nikapata kwikwi.

Bibi hakunichapa. Alikwenda mpakani mwa kihamba, shamba letu la migomba, akakata jani la isale, akalifunga fundo, akaniwekea mikononi. Kwetu, anayeletewa isale kuombwa radhi hawezi kukataa. Lakini mtoto wa umri wangu kupeleka isale, hilo lilikuwa halijaonekana.

"Toa shikamoo, halafu nyamaza," bibi akaniambia. "Mdomo wako utaharibu."

Nikaenda, nikatoa shikamoo, nikamnyooshea jani. Mwalimu alilitazama jani, kisha akautazama ukuta.

"Huyu mwenye miguu minne ni nani?"

"Fundi cherehani, mwalimu. Anakanyaga haraka."

Akanipa mgongo. Niliona mabega yake yanatikisika. Alipogeuka akalipokea jani kwa mikono miwili, kama anavyopokea la mtu mzima.

"Shule uje. Lakini chokaa utapaka wewe."

Nilipaka siku hiyo hiyo, huku naimba, pumzi imenirudi. Nikafunika treni, nikafunika makuli, nikamfunika fundi na miguu yake yote. Wala sikuona uchungu. Sasa mwalimu hayupo, bibi hayupo, nyumba imebomolewa, na Moshi ile ya mkaa, aliyeiona akabaki hai ni mimi peke yangu.